Je, Kompyuta Huanguka?

Tumekuta katika baadhi ya tafsiri kitenzi "kuanguka" kikitumiwa kwa kompyuta iliyoacha kazi ghafla. Istilahi hiyo twaona haifai. Kwa msemaji wa Masasi, au wa Newala juu ya uwanda wa Makonde, kilichoanguka kimetoka mezani kikafika sakafuni.

Madhara yake si ya lugha tu. Kompyuta ya michezo iliyoundwa karibuni hukorofisha kwa namna tatu hasa. Ikijizima mchezo unapopamba moto, fundi hutazama kwanza feni na pawasaplai. Ikijiwasha upya yenyewe, huenda kasoro imo katika kumbukumbu. Ikiganda, picha ikabaki kiooni, huenda ni programu inayoendesha kadi ya picha. Neno moja likizifunika dalili zote, mwenye mali ataweza kununua kifaa asichokihitaji.

Kwa hiyo twapendekeza "kujizima", "kujiwasha upya" na "kuganda". "Kustaki" la mitaani libaki mazungumzoni, kwani "kuganda" yatosha. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa kutuletea maoni yao.