Kiriba, Spora na Uhai: Uhakiki wa Istilahi za Kuvu-Vikombe

Hadithi ikikosewa neno moja, msomaji aweza kuokolewa na muktadha. Ufunguo wa kutambulisha viumbe ukikosewa neno moja, msomaji hupotea njia panda na kufikishwa kwenye jina lisilohusika. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno ambayo wafasiri huelekea kuyatumia wanapoeleza kuvu-vikombe, yaani kuvu ndogo zenye umbo la kikombe au kisahani, ambazo nyingi huota juu ya magogo yanayooza. Baadhi hazifiki hata milimita moja kwa upana. Hata zilizo kubwa kidogo huwatatanisha wataalamu: Chlorociboria aeruginosa na Chlorociboria aeruginascens zote huutia mti rangi ya kijani-buluu, lakini spora za ile ya kwanza ni kubwa zaidi. Basi hukumu hutolewa kwa hadubini, nayo hudai maneno yasiyogongana.

Kwanza, "mbao zilizooza". Mbao ni mti uliokwisha kupasuliwa kwa msumeno. Anayetafuta kuvu msituni hana budi kuambiwa gogo, tawi au kisiki.

Pili, "mbegu" kwa maana ya spora. Mbegu hubeba kiinitete; spora ni seli moja au seli chache tu, na ufunguo huuliza idadi yake. Neno spora limekwisha kutoholewa, na hatuoni sababu ya kuliacha.

Tatu, "kifuko" kwa chombo kinachobeba spora, ambazo kwa kawaida huwa 8. Kifuko kimebebeshwa kazi nyingi mno katika biolojia. Wataalamu walikiita chombo hiki kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji au divai. Kiswahili kina neno hilohilo: kiriba. Tena kiriba kina mdomo, na mdomo ndio unaoangaliwa. Mwaka 1885 Mfaransa Émile Boudier alizigawa kuvu hizi kwa kufuata jinsi mdomo huo unavyofunguka, ama kwa kifuniko ama bila kifuniko. Huenda ikasemwa kwamba wanafunzi wa leo hawakijui kiriba. Kwa maoni yetu, ni rahisi zaidi kuwafundisha neno lao wenyewe kuliko kuwabebesha la kigeni.

Nne, na hapa ndipo penye hatari kubwa, ni neno "mbichi". Embe bichi halijaiva; samaki mbichi amekwisha kufa. Mfasiri aandikapo "pima spora mbichi", mmoja atapima spora changa, na mwingine atapima zilizokufa. Linalotakiwa ni spora zilizopevuka, zikiwa hai, ndani ya maji. Kiriba hai ni kipana kuliko kiriba mfu. Aidha, katika baadhi ya kuvu hizi, nyuzi zinazosimama kati ya viriba huwa na vitone ving'aavyo ambavyo hutoweka mara seli zifapo. Kwa hiyo hai, mfu, changa na pevu ni istilahi nne, wala hazifai kufunikwa na neno moja.

Tano, "hubadilika rangi kwa iodini". Maelezo haya hayatoshi. Viriba vingine hugeuka buluu, vingine vyekundu, na vingine havigeuki. Mwaka 1987 H. O. Baral alionyesha kwamba dawa ya Melzer, ambayo ina klorali haidreti, huuficha wekundu ambao dawa ya Lugol huudhihirisha. Mfasiri anayezifanya dawa hizo mbili kuwa "iodini" tu amefuta tofauti ambayo mwandishi aliitegemea. Jina la dawa na jina la rangi havina budi kutajwa vyote.

Ubora wa istilahi haupimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi yake mbele ya hadubini. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya darasani na maabarani, kisha watupe hoja zao: lililo imara lisanifishwe, na lililo dhaifu liachwe mapema kabla halijazoeleka.