Nipeni Mji: Ufundi wa Kitendawili Mbele ya Bibi, Baba na Mjukuu

Mwamgongo ni kijiji cha ufukweni, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na jioni zake hupangwa na mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukipevuka, ziwa zima huwa jeupe, taa ya mvuvi haina kazi, na wanaume hulala nyumbani. Hapo ndipo vizazi vitatu hukaa uani pamoja. Mchezo gani utawafaa wote?

Bao halifai. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mzee aliyelizoea atamfunga mtoto wa darasa la pili mpaka mtoto akimbie. Drafti la vifuniko vya soda lina nafuu, ila ni la watu wawili. Wengine hubaki kutoa ushauri usioombwa. Kitendawili kinafaulu, na siri iko katika muundo wake.

Mtegaji anaita "Kitendawili!", wote wanaitikia "Tega!" Kwa mwitikio huo hata aliyekuwa anasinzia ameshaingia mchezoni. "Nyumba yangu haina mlango." Yai, nani asiyelijua? Ndiyo maana huachiwa mdogo kuliko wote. Watu wazima wanataja kaburi, wanataja mtungi, wanakuna vichwa, mpaka mtoto apige kelele za ushindi. Kujifanya hujui nako kunataka kipaji, na akina baba wengi hawanacho.

Utamu wenyewe uko pale wote wanaposhindwa. Jibu halitolewi bure; mtegaji hudai: "Nipeni mji." Wala si mji wowote. Akipewa Kasulu anakataa, huko milimani atavua nini? Akipewa Ujiji anasema ana madeni huko. Labda Bujumbura, labda Kalemie ng'ambo ya ziwa, ndipo akubali, asimulie alivyopokelewa na alichokula, kisha aseme jibu. Ukihesabu kwa pointi, malipo haya hayana thamani hata kidogo. Lakini ndiyo yanayobeba kicheko chote.

Sababu ni utani. Katika makabila mengi ya Tanzania babu na bibi ni watani wa wajukuu. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na mjukuu ana ruhusa ya kumjibu. Baba na mwanawe hawana ruhusa hiyo, mtu na mkwewe ndiyo kabisa. Safari ya kubuni inakizunguka kizuizi hicho. Mtoto aliyepewa Bujumbura anaweza kusimulia kwamba sokoni alimkuta mzee mmoja akijinunulia viatu, na nyumbani kasema kwamba hela ya sare hana. Baba anacheka pamoja na wengine, kwa kuwa hakutajwa. Maneno hayohayo yakisemwa mchana kweupe ni utovu wa adabu.

Udhaifu wa mchezo ni hazina ya mafumbo iliyozoeleka. Yai na uyoga wa vitabu vya shule havimtegi mtu tena. Dawa ni kutunga, na kutunga huko ndiko kunakosawazisha vizazi kuliko kanuni yoyote. Mjukuu atege: "Amefika Kigoma kabla ya boti, na hakutoka nyumbani." Bibi ataje upepo, ataje ndege, atoe mji, kumbe ni ujumbe wa simu. Zamu ya bibi: "Nikimjaza pumzi, giza linakimbia." Mtoto aliyekulia kwenye taa za sola hajawahi kuona karabai ikipigwa pampu, kwa hiyo naye atatoa mji. Kila mmoja amemshinda mwenzake kwa dunia anayoijua, na hakuna aliyepewa upendeleo.

Tahadhari ni moja. Ukitaka kuujaribu mchezo huu kwako, usiweke zawadi ya hela wala usimteue mtu wa kuandika alama. Ukifanya hivyo, bibi ataanza kucheza ili ashinde, na hapo hakuna atakayemuweza.