Imla ya Sauti Nne

Mwalimu hapigi kitu kwanza. Anaomba darasa liimbe do, liishike, kisha kimya. Ndipo anapiga kodi nane kwenye piano (kodi za muziki, si zile za serikali), polepole, halafu anawatazama wanafunzi kama mama anayesubiri mtoto ameze dawa.

Hii ni imla, ila si ya maneno. Ni darasa la AP Music Theory katika sekondari moja ya Marekani, kozi ya kiwango cha chuo ambayo mtihani wake, unaotungwa na College Board, hufanyika mwezi Mei. Mwanafunzi aandike soprano na besi alizozisikia, na chini yake namba za Kirumi zinazotaja kila kodi. Anayeanza hukimbilia soprano, kwa kuwa ndiyo inayong'aa juu. Mwalimu huyu kawakataza. Kipande hurudiwa, na mara mbili za kwanza ni za besi peke yake: penseli chini, wote waiimbe wamefumba mdomo. Wenye sauti nyembamba waliiimba oktava moja juu, haikudhuru. Nota ya mwisho waliiandika mapema, maana ndiyo iliyobaki sikioni, kisha wakairudia njia kinyumenyume. Besi ikitoka so kwenda do, nusu ya jibu imeshapatikana.

Mimi nililelewa na kwaya ya solfa, zile herufi d r m alizoziendeleza Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya Sarah Glover, wamisionari wakazileta kwetu. Mwalimu wetu alifundisha kila sauti kivyake, besi mlangoni, soprano dirishani. Namba za Kirumi hakuzigusa. Lakini niliposikia huku "ti haikai, inaitaka do", nilijiona nimerudi kwenye benchi letu.

Mwalimu huyu wa Marekani nilimvulia kofia kwenye somo la tano sambamba. Vitabu vingi huanza na katazo: sauti mbili zisiongozane zikiwa zimeachana kwa tano. Watoto hukariri, hukosea, huchorewa mstari mwekundu. Yeye katazo hakulitaja. Aliwagawia kipande alichokiharibu kusudi, besi na teno zikipanda bega kwa bega, akawaimbisha. Kisha: "Mmesikia watu wangapi?" Kimya kirefu. Msichana mmoja wa alto akasema, watatu. Wakaimba tena, safari hii besi ikishuka huku teno ikipanda, na wa nne akatokea. Hapo tu ndipo alipofungua korali ya Bach, wakaanza kuwinda jinsi mzee yule alivyokwepa. Saa nzima iliishia kwenye mistari miwili, na sikuona aliyetazama saa.

Mtihani wa wakati ule ulikuwa na sehemu ya kuimba nota usizowahi kuziona: sekunde 75 za kujiandaa, kisha kuimba ukirekodiwa. Hilo liliwatia hofu hata wapiga fidla hodari. Kwa hiyo kila siku kabla ya somo mmoja aliitwa mbele, aimbe, wenzake wakiendelea kutoa daftari. Kijana wa siku ile alipotea katikati, hakusimama, akapapasa nota mbili tatu za kubahatisha, akatua kwenye do ya mwisho ikiwa sawasawa. Kidole cha mwalimu kilikuwa kinagonga meza muda wote, na hakikuruka pigo hata moja.