Kula ni Lazima

Ukipita Tandika wakati wa alasiri, ndugu msomaji, hutakosa kuona benchi chini ya mwembe, ubao wa miraba 64, na watu wawili walioinama huku wengine kumi wakiwazunguka na kuwacheka. Kete ni vizibo vya soda, 12 kwa kila mchezaji. Za mmoja zimelala kifudifudi, za mwenzake chali. Hakuna kilichofichwa. Ndiyo maana wachezaji wa kijiweni hukasirika ukiwaambia kwamba drafti ya pesa ni kamari. "Kamari ni bahati," watakujibu. "Hii ni akili."

Nina ugomvi na jibu hilo, ingawa nusu yake ni kweli. Drafti haina karata za kuchanganya wala dadu za kurusha. Mwaka 2007 mtaalamu wa kompyuta wa Canada, Jonathan Schaeffer, na wenzake walitangaza kwamba katika drafti ya Kiingereza, ambayo kingi wake hasafiri mbali kama wetu, wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Bahati haimo kabisa. Lakini kutokana na ukweli huo watu huchota uongo, kwamba mwenye akili yuko salama. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 1994 nilikaa kwenye benchi kama hilo nikiwa na pesa za kodi ya chumba mfukoni. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kusitasita kila anapogusa kete. Tulianza kwa shilingi 100. Nilishinda mara tatu. "Mdogo wangu, wewe fundi," akasema, na wapambe wakaitikia. Tukapandisha hadi 200, kisha 500. Jua lilipozama nilikuwa nimebakiwa na nauli tu.

Msomaji anayeijua drafti atakumbuka kanuni yake kubwa: kula ni lazima. Ukiwekewa kete ya kuliwa huwezi kuikataa. Ndiyo maana fundi humlisha mwenzake moja ili ale mbili au tatu. Yule bwana alinifanyia hivyo mara mbili, kwenye ubao na nje ya ubao. Mashindi yangu matatu ya mwanzo yalikuwa kete za kulishwa. Ubao ulikuwa wazi kweli. Kilichofichwa kilikuwa kiwango chake. Katika mahjong ya Wachina, watu wanne hucheza kila mmoja akificha vigae 13, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake ameficha. Sisi tunaocheza wazi tunasahau kwamba mtu naye hufichika.

Lakini hilo halielezi kwa nini sikuinuka nilipoanza kupoteza. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida iliyo sawa nayo inavyomfurahisha, na kwamba mtu aliyekabiliwa na hasara ya hakika huwa tayari kujitosa katika hatari kubwa zaidi ili aikwepe. Mcheza karata aliyeliwa ana pa kujificha: atasema karata zilikuwa mbaya, akaenda zake. Mcheza drafti hana. Kama mchezo ni akili tupu, basi kuinuka ni kukiri mbele ya watu kumi kwamba umezidiwa akili. Kwa hiyo husemi "nimeshindwa". Unasema "nimekosea kete moja tu," na unapanga tena. Msemo ule wa kijiweni, ambao unadhaniwa kuitakasa drafti, ndio unaomfunga mtu kwenye benchi.

Ushahidi wangu ni aibu yangu. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba nimechomolewa pesa kwenye daladala. Nikijiuliza leo kwa nini nilichagua uongo huo, naona jibu waziwazi: kuibiwa ni bahati mbaya, na bahati mbaya ilikuwa rahisi kuitamka kuliko upumbavu. Alinipa pole, akaenda kukopa kwa dada yake.

Siku hizi vijana wa Temeke na Kinondoni wana mikeka ya mpira kwenye simu, nao nawasikia wakisema kwamba wao hawabahatishi, wanachambua timu. Siwacheki. Mbinu ya kweli katika mchezo wa pesa haimo katika kete wala katika timu. Imo katika mambo mawili: kumchunguza anayekualika kabla hujakaa, na kuweka kiwango cha kuinukia kabla hujalipa shilingi ya kwanza, maana ukishaanza kupoteza si wewe tena unayeamua.

Bado nacheza drafti. Tunachezea kahawa na kashata, na anayeliwa ndiye anayelipa. Mke wangu alikuja kuujua ukweli miaka mingi baadaye. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja tu, ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri: "Kwa nini hukuinuka uliposhinda zile tatu?"