Sauti Inayosimulia Uhalifu

Katika vipindi vya televisheni vinavyosimulia uhalifu uliotendeka kweli, mtazamaji hudhani anatazama picha. Kumbe zaidi anasikiliza sauti. Picha zenyewe huwa chache: nyumba iliyofungwa mlango, barabara tupu wakati wa usiku, sura ya marehemu akicheka siku ya arusi. Tendo lenyewe la kuua halikupigwa picha. Pengo hilo sharti lizibwe na mtu, na mtu huyo ni msimulizi. Yafaa basi tumpime kama tunavyompima mtunzi wa hadithi, na pia kama hakimu ampimavyo shahidi, maana kazi yake ni nusu ya hili na nusu ya lile, na taabu yote yatoka hapo.

Hapa Kenya hatuwezi kulizungumza jambo hili bila kukitaja Jicho Pevu, kipindi cha Mohammed Ali katika KTN. Sifa yake ya kwanza ni lugha. Kilionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba upelelezi mzito, wala si taarifa fupi za saa moja jioni tu. Anwani kama Paruwanja la Mihadarati, iliyohusu biashara ya dawa za kulevya, ina uzito wa ushairi ndani yake. Mjini Isiolo, ambako Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana na Msamburu hukutana hotelini kwa lugha hii moja, kisa kama hicho hakikuhitaji mkalimani. Sauti ilikuwa nzito, misemo ilipangwa kwa ustadi, muziki ulitangulia hatari kama mbiu.

Walakini mtindo huu una silaha moja ambayo msomaji kijana yampasa kuitambua: swali lisilongoja jibu. Msimulizi huuliza ni nani aliyenufaika na kifo fulani, muziki hupanda, uso wa mtu huonekana. Hakuna aliyetamka kwamba mtu huyo ametenda neno, lakini mtazamaji amekwisha kuhukumu. Swali si ushahidi, na aulizaye hawezi kushtakiwa kwa uongo. Ndiyo sababu silaha hii hupendwa sana.

Nguvu ya kweli ya wapelelezi hao ilionekana mahali pengine. Mwezi wa Oktoba 2013, baada ya shambulio la Westgate lililowaua watu 67, Mohammed Ali na mwenzake John-Allan Namu walionyesha makala iliyoitwa Wolves at Westgate. Ndani yake zilikuwamo picha za kamera za ulinzi za jengo lile, na humo wanajeshi walionekana wakichukua mifuko. Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, David Kimaiyo, aliwatisha waandishi hao kwamba watakamatwa. Kisha, kabla mwezi haujaisha, jeshi lenyewe lilitangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa sababu ya uporaji. Picha zile hazikuhitaji kinanda wala methali. Mahali ambapo ushahidi umesimama kwa miguu yake, msimulizi bora ni yule ajuaye kunyamaza.

Tuitazame sasa lugha yenyewe. Kiswahili kina kiambishi -ka-, nacho ndicho miguu ya hadithi: akatoka, akavizia, akafungua mlango, akamnyonga. Sungura na Fisi hutembea kwa -ka-. Kila tendo hulivuta linalofuata, wala msikilizaji hapati nafasi ya kuuliza ni nani aliyeona. Katika ngano hakuna dhara. Lakini msimulizi wa televisheni asemapo hivyo juu ya mtu ambaye kesi yake haijakwisha, anatoa ushahidi wa jambo asiloliona, hali Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 50, yamhesabu mtu huyo kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Dawa imo katika lugha iyo hiyo: inadaiwa, huenda, jirani alieleza, polisi waliambia mahakama. Maneno haya hupunguza mwendo, na wasimulizi wengi huyakimbia kwa kuwa yanapoza kisa. Wengine hutia inadaiwa mara moja mwanzoni, kama mtu anyunyizaye chumvi, kisha hukimbia na -ka- hata mwisho. Huo ni udanganyifu, hata kama kila neno ni fasaha.

Mtazamaji wa Isiolo ana sababu yake ya kulijali jambo hili. Mifugo ikiibwa na wachungaji wakiuawa malishoni, msimulizi aliye Nairobi husema “majangili”, neno fupi lenye vumbi na bunduki ndani yake. Isiolo neno hilo haliishii hewani. Walioketi meza moja wanajua ng'ombe walikuwa wa nani, na wanakisia walipelekwa upande gani. Neno lisilo na jina la mtu hupewa jina la kabila kabla chai haijapoa. Msimulizi mwangalifu angetaja mahali, siku, idadi ya mifugo, maneno ya aliyefiwa, na kama yupo aliyeshtakiwa. Sauti yake ingekuwa kavu, nami ningeipenda kwa ukavu wake.

Ng'ambo njia zote mbili zimekwisha kujaribiwa. Huko Marekani Robert Stack aliongoza Unsolved Mysteries, iliyoanza 1987, akiwa amevaa koti refu la mvua kama mpelelezi wa filamu. Hofu ilikuwa sehemu ya bidhaa. Peter Thomas wa Forensic Files, iliyoanza 1996, alikuwa sauti tu, sauti ya upole kama ya mwalimu wa sayansi aelezaye nyuzi za zulia na chembe za damu. Kwa maoni yangu Thomas alikuwa fundi mkubwa zaidi. Hata hivyo upole nao huhukumu: kila jambo la maabara, likisemwa kwa utulivu ule, huonekana halina shaka.

Na shaka ipo. Nchini Uingereza BBC ilianzisha Crimewatch mwaka wa 1984, na mtangazaji wake Nick Ross alizoea kuwaaga watazamaji kwa kuwaambia wasiote ndoto mbaya. Tarehe 26 Aprili 1999 mwenzake katika kipindi hicho, Jill Dando, aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yake London, na kipindi chake mwenyewe kikalazimika kusimulia kifo chake. Mwaka wa 2001 mwanamume mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha. Katika ushahidi juu yake ilikuwamo chembe moja ya baruti iliyoonekana mfukoni mwa koti. Mwaka wa 2008, kesi iliposikizwa upya bila chembe ile, aliachiliwa huru. Kila aliyekimaliza kisa hicho mwaka wa 2001 kwa sauti ya uhakika alikimaliza kabla hakijaisha. Hakuna mwingine aliyehukumiwa kwa kosa hilo tangu hapo.