Heko Mafundi wa Samani Kuukuu wa Ifakara

Mafundi seremala wa Ifakara wanaofufua samani kuukuu wanastahili pongezi, kwa kuwa kazi yao ni uhifadhi wa misitu sawa na upandaji wa miti. Mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kabati lake likigeuzwa kuni kwa sababu miguu imelegea, miaka hiyo yote imepotea bure. Fundi hulifungua, hukwangua gundi iliyokufa, huchonga ulimi mpya wa kiungo, hupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha hupaka vanishi nyepesi, mkono baada ya mkono, hadi wekundu wa mninga urejee.

Wapo watakaosema kwamba Bonde la Kilombero, ulipo mji wa Ifakara, lina mashamba ya mitiki yaliyoanza kupandwa miaka ya 1990, hivyo mbao zipo. Lakini mtiki nao hudai miaka 20 na zaidi, wala haurudishi mvule uliokwisha kukatwa. Wengine husema kipya ni nafuu. Ni nafuu siku ya kununua tu: meza ya unga wa mbao ulioshindiliwa huvimba ikilowa, na bonde hili hufurika. Basi kabla hujatupa kiti cha babu, mpelekee fundi, na umlipe anachostahili.