Gereza, Kanisa na Tenzi za Butiama

Uani mwa Ngome Kongwe, Unguja, mna mabaki ya kuta yaliyoizidi umri ngome yenyewe. Ni masalio ya kanisa la Wareno, lililojengwa kati ya 1598 na 1612. Waomani walipowaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17 walijenga ngome papo hapo, na mawe ya kanisa yakaingia katika jengo jipya. Kanisa likawa ukuta. Karne ya 19 palifungiwa watu.

Lugha nayo imeihifadhi habari hiyo. Neno gereza asili yake ni igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ngome za Wareno, kama ile ya Mombasa iliyoanza kujengwa 1593, zilikuwa na kanisa ndani; jina la kanisa likaenea boma zima, boma likageuka jela, jina lisibanduke. Neno tamu kwa mshairi, chungu kwa mfungwa.

Yafaa kuikumbuka historia hii zinaposomwa tenzi za Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, aliyesoma Mwisenge, Musoma, na kubatizwa Nyegina mwaka 1943. Tenzi zake za Injili nne na Matendo ya Mitume zilichapishwa 1996. Msomaji wa mwambao ana haki ya kuuliza: Mkristo wa bara anatafuta nini katika nyumba ya Utendi wa Tambuka wa 1728, nyumba inayofunguliwa kwa Bismillahi?

Jibu limo katika kipimo. Utenzi ni bahari ya masimulizi: vipande vinne vya mizani nane, vitatu vikifuatana kwa kina kimoja, cha nne kikibeba kina cha utungo mzima. Bahari hiyo haimuulizi mtunzi dini yake, humuuliza pumzi. Na hapo ndipo Nyerere anapobanwa. Mathayo huanza kwa nasaba ndefu, mzigo mzito kwa mizani nane, na mfasiri aliyefungwa na maandiko hana ule uhuru aliokuwa nao Mwengo bin Athumani wa kuikoleza vita na kuirefusha.

Hata hivyo, ngomeni kanisa lilinyamaza likawa jiwe. Katika tenzi hizi linasema, tena kwa mahadhi ya wenye nyumba. Anayetaka kuzipima azighani kwa sauti, kando ya Tambuka, asiridhike kuzipitia kwa macho.